Nilivyojifunza hesabu ya neti za niuroni na C plain yangu ya KCSE

Niseme mapema ndio usimalize bando bure: kama ulifanya hesabu ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ukatoka na C plain kama mimi, hesabu iliyo ndani ya hizi neti za niuroni, zile zinaendesha AI yote watu wanaongelea sai, unaweza kuielewa. Sisemi yote. Nasema ile ya msingi, ya kujua namba imetoka wapi, inaenda wapi, na kwa nini imebadilika. Mimi sijawahi ingia yunivasiti. Nina kibanda cha M-Pesa hapa Kondele, Kisumu, na kilichonipeleka huko ni floti, ile pesa ya kwa laini ya kuhudumia wateja.

Wenye wamefanya hii kazi wanajua. Kuna siku saa tano asubuhi cash imekwisha juu kila mtu anatoa, kuna siku droo imejaa noti na floti kwa laini ni ya kuaibisha, mteja anataka kuweka elfu ishirini unamwambia arudi baadaye na unajua harudi, anavuka barabara tu kwa jirani. Nilikuwa na rekodi zangu kwa daftari, tarehe, siku ya wiki, waliotoa, walioweka. Kijana mmoja wa campus akaniambia bro hii weka kwa neural netiwoki itakutabiria. Akanitumia kodi ya Python, yaani maagizo ya kompyuta, nikaweka namba zangu, nikabonyeza, ikaandika nan, nan, nan mpaka chini, yaani hii si namba. Yeye mwenyewe alikuwa hajui kwa nini. Akaniambia jaribu kubadilisha hii iwe 0.01, jaribu ile iwe 64, na nikaona hapa hakuna mtu anajua kitu, tunabahatisha.

Ukiuliza watu uanzie wapi utapewa orodha ndefu ya kukukatisha tamaa. Soma aljebra ya mstari, ukimaliza soma kalkulasi, ukimaliza soma probabiliti na takwimu, ndio sasa urudi kwa neti. Hii ushauri inatolewa na watu ambao walisoma hivyo vitu kwa utaratibu huo wakiwa na miaka 19 na mtu mwingine akiwalipia fees. Mtu anayefungua duka saa moja asubuhi akifunga saa tatu usiku akifuata hiyo orodha atafika kalkulasi akiwa na wajukuu. Nilifuata kwa miezi kadhaa, nikaangalia mihadhara mizuri sana ya matriksi, nikajua mpaka eigenvalyu, na nikuambie ukweli hiyo eigenvalyu mpaka leo haijanisaidia kwa floti hata siku moja. Kuna pia kozi ya wikendi nililipia elfu nane na kitu, slaidi zilikuwa za kupendeza, viduara vya rangi na mishale inaenda kulia, lakini ukiuliza mshale mmoja unabeba namba gani unaambiwa hiyo ni ya advanced. Hiyo pesa ilikuwa komisheni ya wiki nzima na iliniuma.

Kilichobadilisha mambo ni jirani yangu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, huwa anakuja kutoa pensheni yake kwangu kisha anakaa kwa benchi kusoma gazeti. Yeye AI haijui na haimpendezi. Siku moja kibanda kikiwa kimetulia nikamwambia Mwalimu, hebu nisaidie na hii. Akaangalia simu kidogo akanirudishia. "Nyathina (mtoto wangu), hii imejaa alama. Toa moja. Kitu kimoja tu ndani ya hii mashini kinafanya nini? Nionyeshe na namba."

Basi tukatengeneza niuroni moja, ya kitoto kabisa. Inaingiza x, inazidisha na uzito w, inatoa jibu. Hakuna kingine. Tukasema x ni 2, jibu tunalotaka ni 4, na uzito tumeuanzisha ovyo kwa 0.5. Kwa hivyo niuroni inasema 2 × 0.5 = 1. Tulitaka 4, imekosea kwa 3 upande wa chini, yaani kosa ni -3. Hasara tunaipata kwa kuzidisha kosa na lenyewe, -3 × -3 = 9. Swali lote la neti za niuroni, hata zile kubwa za mabilioni, ni hili: nikisukuma w kidogo, 9 itapanda ama itashuka, na kwa kiasi gani?

Hiyo ni differentiation ya Form 4 tu. Ile ya gradienti, yaani mteremko, ya mstari uliopinda, ile ya kasi ya mpira uliorushwa juu. Jibu linatoka 2 × (-3) × 2 = -12. Maana yake ukiongeza w hasara inashuka, kwa mwendo wa 12 kwa kila kipimo kimoja. Na kama huamini differentiation, na mimi sikuamini, chukua kalkuleta. Badala ya w = 0.5 weka 0.501. Jibu linakuwa 1.002, kosa -2.998, hasara 8.988004. Imeshuka kwa 0.011996, gawanya na ile 0.001 uliyosukuma, unapata 11.996. Karibu kumi na mbili kabisa. Hapo ndo nilishtuka, juu miaka yote tangu shule nilikuwa nadhani differentiation ni mchezo wa kushusha power mbele na kutoa moja, sikujua kumbe inasema kitu ambacho unaweza kukipima mwenyewe kwa kalkuleta ya shule. Na hii mbinu ya kusukuma kidogo uone, ishike sana, hata wakubwa wanaitumia kukagua kama kodi yao ya gradienti iko sawa.

Sasa unasogeza w. Unachukua gradienti, ile -12, unazidisha na namba ndogo inayoitwa kasi ya kujifunza, kisha unatoa kwa w. Kwa kasi ya 0.1, w mpya ni 0.5 - (0.1 × -12), yaani 0.5 + 1.2 = 1.7, niuroni inasema 3.4, hasara imeanguka kutoka 9 hadi 0.36. Raundi inayofuata w ni 1.94, jibu 3.88, hasara 0.0144. Imejifunza! Mwalimu akasema haya, ongeza hiyo kasi tufike haraka. Tukaweka 0.3. w ikaruka hadi 4.1, jibu 8.2, hasara 17.64. Raundi ya pili w -0.94, jibu -1.88, hasara zaidi ya 34. Inaenda ikizidi kuharibika. Tukaweka 0.25 kamili na hiyo ndio ilituchekesha, inasema 1, kisha 7, kisha 1, kisha 7, milele.

Ukikaa na hizo namba na aljebra kidogo utaona kila raundi kosa linazidishwa na 1 - 2 × kasi × x × x. Kwa x ya 2, hiyo ni 1 - 8 × kasi. Kasi ya 0.1 inatoa 0.2, kwa hivyo kosa linapungua mara tano kila raundi. Ya 0.25 inatoa -1, linageuka tu upande. Ya 0.3 inatoa -1.4, linakua. Sasa rudi kwa daftari langu la floti. x zangu hazikuwa 2, zilikuwa 45,000, 60,000, shilingi mbichi. x × x ya 45,000 ni zaidi ya bilioni mbili. Kasi ingebidi iwe chini ya 0.0000000005 ndio isilipuke na mimi nilikuwa nimeweka 0.01! Ndio hiyo nan. Namba zililipuka mpaka kompyuta ikashindwa kuziandika. Nikagawanya kila kitu na 100,000 ndio 45,000 iwe 0.45, nikarudia kodi ileile, ikatulia. Kila mahali utasoma kwamba lazima ushushe ukubwa wa namba za data kabla ya kufunza, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini, na sababu ni hesabu ya mistari mitatu.

Baada ya hapo ngoma ilikuwa kuunganisha niuroni, moja inalisha nyingine. KCSE haikufundishi kanuni ya mnyororo, mle tulifanya polinomia tu, na hii ndo shimo la kweli kwa mtu wa kiwango chetu. Sikuelewa mpaka nilipoiweka sokoni. Sema, na hizi namba natunga, mafuta yakipanda shilingi 1 kwa lita, kusafirisha kreti ya nyanya mpaka soko la Kibuye kunapanda shilingi 4. Na kila shilingi 1 ikiongezeka kwa usafiri wa kreti, mama mboga anaongeza senti 5 kwa fungu. Basi mafuta yakipanda shilingi 1 fungu linapanda 4 × 0.05 = 0.20, senti ishirini. Unazidisha ukifuata njia. Lakini mama mboga pia anapanda matatu kuja sokoni na nauli yake pia iko na mafuta ndani, tuseme hiyo njia inaongeza senti 10 ingine. Jumla senti 30. Kwa hivyo unazidisha kwenye njia, unajumlisha njia zote. Hiyo ndio bakpropagesheni, mwanzo na mwisho. Kitu pekee cha ujanja ni kwamba unaanza kutoka upande wa hasara ukirudi nyuma ndio usirudie kuzidisha kitu kimoja mara elfu. Kanuni yenyewe ni ya enzi za Leibniz, karne ya 17, na walioifanya iwe maarufu kwa neti ni Rumelhart, Hinton na Williams mwaka 1986. Huyo Hinton ndiye alipewa Nobel ya fizikia 2024 pamoja na John Hopfield.

Fanya neti ya niuroni mbili kwa kalamu, upate gradienti zote, kisha ukague na kalkuleta kwa kusukuma. Usiruke hii. Itakuchukua jioni nzima na utachoka, karatasi utarusha, lakini hakuna video itakupa kile hiyo jioni inakupa.

Kuna sehemu moja ya teoria ambayo naipenda kuliko zote juu inathibitishwa na hesabu ya Form 2. Frank Rosenblatt alileta perseptroni mwishoni mwa miaka ya 1950, niuroni moja inayojumlisha na kusema ndio ama hapana, magazeti ya Marekani yakapiga kelele. Mwaka 1969 Minsky na Papert wakaonyesha mipaka yake, na mfano unaojulikana sana ni XOR: swichi mbili, taa iwake kama moja tu imewashwa, zote mbili zikiwashwa ama zote zikizimwa isiwake. Niuroni moja haiwezi. Na usiamini tu, andika inikwaliti. w1 na w2 ni uzito wa kila swichi, b ni bayasi, yaani namba inayoongezwa tu, na niuroni inasema ndio jumla ikizidi sifuri. Zote zimezimwa: b isizidi sifuri. Ya kwanza pekee: w1 + b izidi sifuri. Ya pili pekee: w2 + b izidi sifuri. Zote: w1 + w2 + b isizidi sifuri. Sasa jumlisha zile mbili za katikati, w1 + w2 + 2b inazidi sifuri. Toa ile ya mwisho, unabaki na b inazidi sifuri. Lakini tulianza na b haizidi sifuri! Haiwezekani, kwisha. Mwalimu alisimama kutoka kwa benchi akasema hiyo ningewapa watoto wa Form 2 kabisa. Dawa yake ni kuweka tabaka katikati, niuroni moja iangalie kama kuna angalau moja imewashwa, nyingine iangalie kama zote zimewashwa, ya mwisho itoe ya pili kwa ya kwanza. Hapo ndo unaelewa tabaka la kati ni la nini. Pia jaribu kuanzisha uzito zote na sifuri uone, niuroni zote za tabaka moja zinabaki mapacha, zinapata gradienti sawa milele, ndio maana zinaanzishwa kwa namba za kubahatisha.

Matriksi nilikuwa naziogopa bure. Kwa hii kazi, karibu kila kitu ni rou mara kolamu ya Form 3. Ugumu ni saizi tu. Ile data maarufu ya tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, MNIST, kila picha ni 28 kwa 28, yaani namba 784. Ukiwa na niuroni 30 katikati na 10 mwisho, matriksi ya kwanza ni 784 kwa 30, ya pili 30 kwa 10, ongeza bayasi 30 na 10, jumla ni namba 23,860 za kufunzwa. Zihesabu mwenyewe. Mimi kila mstari wa kodi naandika saizi kwa pembeni, 1 kwa 784 mara 784 kwa 30 inatoa 1 kwa 30, na makosa yangu mengi ya kodi yalikwisha siku nilianza kufanya hivyo.

Sigmoidi, fanksheni inayopitishiwa jibu la niuroni, ilinisumbua kidogo kwa sababu ya ile e, 2.718 na kuendelea, ambayo shule hatukuwahi kukutana nayo. Usiizame sana. Jua tu inachukua namba yoyote inaifinya iwe kati ya 0 na 1, na mteremko wake ni s × (1 - s). Hiyo haiwezi kupita 0.25, jaribu s = 0.5 ndio kilele. Sasa kumbuka tunazidisha tukirudi nyuma. Tabaka tano za sigmoidi, 0.25 × 0.25 × 0.25 × 0.25 × 0.25, unafika chini ya moja kwa elfu, na hiyo ndio hali nzuri zaidi kwa mteremko wa sigmoidi yenyewe. Tabaka za mwanzo karibu hazisikii kitu. Ndio sababu watu walihamia ReLU, inayoacha namba chanya ilivyo na kugeuza hasi kuwa sifuri, ambayo mteremko wake ni 1 ama 0 tu. Tena ni kuzidisha, hakuna uchawi.

Kingine cha kutumia kesho asubuhi: kama neti yako inachagua kati ya vitu kumi, kwa ile hasara ya logi inayoitwa krosi-entropi, ikianza kabisa bila kujua kitu inafaa kusoma karibu 2.3. Hiyo ni logi asili ya kumi, kwa maana neti inasema kila kitu kina nafasi moja kwa kumi. Ukiona imeanza na 15 ama 40 simamisha, kuna kitu kimeharibika hata kabla ya kuanza kufunza. Mimi hiyo imeniokolea stima na bando mara nyingi.

Gharama sasa, juu watu huuliza. Laptopu ya kutoka Uingereza, ya mtumba, karibu elfu ishirini, RAM ya 4GB, na kwa neti ndogo inatosha kabisa. Kwa kubwa kidogo Google Colab ya bure, kompyuta ya Google unayotumia mtandaoni, inasaidia, ila inataka intaneti isiyokatika na hapa stima ikipotea na modemu inapotea, kwa hivyo seivu kila mara. Daftari la mraba, kalkuleta ya sayansi niliyokuwa nayo tangu shule, vitabu vya Form 2 mpaka 4 vya barabarani. Gharama kubwa ni usiku. Mke wangu alikuwa anauliza hii inalipa lini, na ni swali la haki, sikuwa na jibu. Kuna jioni nilikuwa nafunga duka nimechoka hata ile differentiation moja naiangalia kama Kichina, hizo jioni nililala tu.

Na hiyo floti? Neti ilifanya kazi. Lakini nilipoilinganisha na kitu cha kijinga kabisa, wastani wa kila siku ya wiki, Jumatatu kivyake, Ijumaa kivyake, na mwisho wa mwezi kivyake, neti haikushinda. Zililingana, na kuna wiki wastani ulishinda. Data yangu ilikuwa kidogo na biashara ya kibanda inafuata mishahara na siku za soko, si siri kubwa. Kwa hivyo sai floti naipanga na wastani kwa daftari, na kila mtu anayeniuliza kuhusu AI kwa biashara yake namwambia apige wastani kwanza, neti ikishindwa kuupita basi huna haja nayo.

Pia kuna mahali teoria yenyewe inaishia. Mwaka 1989 Cybenko alithibitisha kwamba tabaka moja la kati la sigmoidi, ukiweka niuroni za kutosha, linaweza kukaribia fanksheni yoyote isiyokatika kwa ukaribu unaotaka, mradi uko ndani ya eneo lenye mipaka. Wauzaji wa kozi wanaipenda hiyo. Lakini haisemi niuroni ngapi, na haisemi kama gradienti yako itazipata hizo namba. Na kwa nini neti yenye uzito nyingi kuliko data haikariri tu kama mtoto wa mtihani, watafiti bado wanabishana. Mimi huko sijafika vizuri. Sai niko kwa probabiliti, hapo C plain yangu inaonekana kweli kweli, vitu kama varianzi na bayesi vinaniendea polepole kuliko kitu kingine chochote, na Mwalimu amekataa tuendelee mpaka nimalize maswali yote ya mlango wa probabiliti wa Form 3, yale ya mipira nyekundu na bluu kwa mfuko. Nimefika nusu.